Tuache Kutambiana Reli

Kuna tabia imeenea katika vijiwe vyetu vya kahawa, kuanzia Buguruni Malapa hadi Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, nami imenifika kooni. Watu wazima, wenye wake na watoto, wanakaa kitako kutambiana reli na Wakenya. Huyu anasema yetu ni ya umeme, yao ya dizeli. Yule anakumbusha kwamba wenzetu walianza kupanda yao 2017, sisi tukapanda yetu 2024. Wa tatu anaitaja treni yetu ya mchongoko kana kwamba aliiunda yeye uani kwake. Kahawa inapoa, kashata zinaisha, na hakuna hata mmoja anayeuliza swali lenye maana: katika reli zote hizo, ni ipi inayompeleka mtu kwa jirani yake asubuhi ikamrudisha kwake jioni?

Debe tupu haliachi kuvuma. Mtu asidhani naichukia reli yetu. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, kila mwenye macho ameiona neema ile, na waliosimamia kazi hiyo wanastahili shukrani. Chanda chema huvikwa pete. Lakini reli ya Kenya imetoka Mombasa, ikafika Nairobi, ikaenda kukomea upande wa Naivasha. Yetu imetoka Dar es Salaam ikashika njia ya Dodoma. Hazina mahali zinapokutana. Watoto wa mama mmoja wamejenga nyumba mbili nzuri, wakapeana migongo, kisha wanashindana kwa urefu wa baraza.

Sina haja ya kuthibitisha kwamba jirani ana haki. Sote tumelelewa msikitini au kanisani, na sijamsikia sheikh wala padri aliyefundisha kumfungia jirani mlango. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Tunalojifanya kulisahau ni kwamba treni ya ujirani tuliwahi kuwa nayo, ikafanya kazi, tukaiua kwa mikono yetu wenyewe.

Tukumbushane. Mjerumani alianza kulaza reli yake Tanga 1893, akafika Moshi 1911. Mwingereza alianza Mombasa 1896, akafika Kisumu 1901. Walikuwa mahasimu, kila mmoja na koloni lake. Vilipokuja Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakalaza reli kutoka Voi, wakapita Taveta, wakaiunganisha na ile ya Tanga pale Kahe, ili wapitishe askari na mizinga. Vita vikaisha, reli ikabaki kazini. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likaundwa 1948. Mwaka 1963, tukiwa tayari tumejitawala, kikajengwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, na hapo Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Mombasa, Nairobi na Kampala zikawa katika reli moja, yenye upana mmoja, chini ya shirika moja.

Halafu ukaja mwaka 1977. Viongozi hawakusikilizana, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na kila nchi ikashika vichwa vya treni na mabehewa yaliyokutwa kwake. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mpaka ulifunguliwa tena 1983. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ukatiwa saini 1999. Leo tuna bunge letu la Afrika Mashariki Arusha, tuna mahakama, tuna wimbo, na wanachama tumefika 8, hadi Kongo na Somalia wamo. Lakini ile njia ya Voi, Taveta hadi Kahe imelala vichakani. Reli iliyojengwa kwa ajili ya kuuana ilidumu miaka sitini, ikaja kufa mikononi mwa watu wanaoitana ndugu. Kama hiyo si aibu, basi aibu haina maana tena.

Nenda Holili siku ya gulio ukajionee. Mama wa Kipare amefunga kiroba cha vitunguu nyuma ya bodaboda, mtoto amembana kifuani. Anashuka mpakani, anapanga foleni, anatafuta bodaboda nyingine ya upande wa Taveta, anapatana bei upya, anafunga kiroba upya. Jioni ni yale yale kwa kinyume. Na upande wa pili wa mpaka kuna watu wa kabila lake, wanaosali naye, waliooleana na ndugu zake. Faida yote ya vitunguu imeliwa na nauli. Treni ndogo ya mabehewa manne, inayotoka Moshi alfajiri, ikapita Kahe na Taveta hadi Voi, ingembeba yeye na wenzake mia kadhaa kwa safari moja. Njia yake ilishapimwa na kuchimbwa zaidi ya miaka mia iliyopita!

Wapo watakaosema mambo ya mpakani hayatuhusu sisi wa mjini. Ewe mkazi wa Buguruni, hebu simama pale Sheli, njia panda ya Uhuru na Mandela, uangalie malori yanayotoka bandarini. Namba za Zambia, namba za Rwanda, namba za Kongo, moja nyuma ya jingine, na daladala yako imebanwa katikati yake. Na ninyi wafanyabiashara wa Kariakoo, nani asiyewajua? Mmewavisha watu wa Lubumbashi na Lusaka vitenge na viatu, na wateja wenu hao wanalala ndani ya basi siku mbili kuja kuwaungisha. Ninyi ni waungwana wa biashara, wenye subira na ulimi laini kwa mgeni. Serikali nyingi zingejifunza ujirani kwenu. Basi mpaka wetu na Zambia pale Tunduma uko mlangoni kwenu, mkitaka msitake.

Tena hapa hapa kwetu pana funzo lililo wazi. Reli ya Kati, yenye upana wa milimita 1,000, inapita Buguruni kwa Mnyamani. Kando yake imepita reli mpya ya milimita 1,435. Shuka kidogo kwa barabara ya Mandela hadi stesheni ya TAZARA, utaikuta ya tatu, milimita 1,067. Mji mmoja una reli tatu, na behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine. Kati ya ile ya Kati na ile ya TAZARA tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne vya mkono wako, na kwa ajili ya vidole hivyo vinne mizigo inashushwa na kupakiwa upya pale Kidatu. Hayo ndiyo matunda ya kila mtu kujenga bila kumuuliza mwenzake. Majuto ni mjukuu, na sisi ndio wajukuu wenyewe.

Hata hivyo TAZARA hiyo hiyo ndiyo shahidi wangu mkubwa. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia walipoitaka, wakubwa wa Magharibi walisema haina faida. Wachina wakakubali. Kazi ilianza 1970, na kilomita 1,860 kutoka hapa Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zikakabidhiwa 1976. Makaburi ya Wachina waliofia kazini yako Gongo la Mboto hadi leo. Reli hiyo ni mali ya nchi mbili, nusu kwa nusu, na treni yake ya abiria imekuwa ikivuka Tunduma na Nakonde bila nchi yoyote kupinduka. Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalitafakari. Oktoba 2012, Dkt. Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, treni za mjini zilipozinduliwa, moja ilitoka Stesheni ikapita Buguruni na Tabata hadi Ubungo Maziwa. Ya pili ilikuwa ya TAZARA, ikienda Mwakanga. Kwa hiyo mfanyakazi wa upande wa Kitunda alikuwa anapelekwa kazini na shirika ambalo nusu yake ni ya Zambia. Je, uhuru wetu ulipungua? Kuna aliyeshuka akasema amenyang'anywa nchi? Alishuka amewahi kazini, akamshukuru Mungu.

Mwezi uliofuata tu, Novemba 2012, Nairobi nao wakafungua stesheni ya Syokimau kwa ajili ya treni ya wafanyakazi. Kampala wakaanza ya kwao kwenda Namanve mwishoni mwa 2015. Miji mitatu ya Jumuiya moja imegundua dawa ile ile ya foleni ndani ya miaka mitatu hivi, kila mmoja kwa njia yake. Ni wapi walipokaa pamoja kuamua kwamba treni hizi zitumie mabehewa ya aina moja, ziwe na karakana moja ya vipuri, na siku moja ziinuke kutoka mijini zielekee mipakani? Mpango Mkuu wa Reli wa Jumuiya upo tangu mwaka 2009. Makabrasha hayabebi abiria.

Msiniambie haiwezekani. Watu wa Geneva huko Uswisi wana majirani wa Ufaransa wanaovuka mpaka kila siku kwenda kazini. Desemba 2019 wakazindua treni moja kwa ajili yao, yenye mtandao wa kilomita 230 na stesheni 45 za nchi mbili. Umeme wa reli za Uswisi si sawa na umeme wa upande wa pili, basi wakanunua treni zinazokubali wa aina zote mbili.  Penye nia pana njia, na pasipo nia hata njia iliyokwisha kujengwa huota miti.

Najua hoja ya wahasibu: treni ya abiria haina faida. Nawajibu kwamba barabara ya Mandela nayo haimlipi mtu gawio, na hakuna aliyependekeza ing'olewe. Faida yake iko katika mama aliyewahi sokoni na fundi aliyefika kazini hajachoka. Najua pia hoja ya usalama. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana mipaka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, na nchi zao zipo. Sisi tuliosifiwa na Afrika nzima kwa kuwapokea wapigania uhuru kutoka Msumbiji hadi Afrika Kusini, leo tunamwogopa muuza nyanya wa Taveta? Watanzania, hatukuwa hivi.

Hapa sina budi kuligusa jambo jingine, maana nikilinyamazia nitakuwa mnafiki. Ni sisi wenyewe tunaokaa kandokando ya reli. Nani anafungua vifungio vya mataruma usiku? Nani anakata nyaya za shaba? Nani anawafundisha watoto kurusha mawe kwenye madirisha ya behewa lenye mama zao ndani? Na wewe mnunuzi wa vyuma chakavu, unapoletewa kipande cha reli na kijana anayetetemeka, unadhani amekiokota baharini? Unakipima kwenye mizani, unamlipa, jioni unakwenda kusali. Nakwambia wazi: aliyeiba na aliyenunua ni wezi wawili, na treni ikianguka, damu ya abiria itakuwa mikononi mwenu nyote. Wengine wamegeuza njia ya reli kuwa jalala. Mvua ikinyesha takataka zinaziba makaravati, tuta linaliwa na maji, treni inasimama, na mtupa taka ndiye wa kwanza kuilaani serikali. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Jirani gani atatukabidhi treni yake ikiwa hata ya kwetu tunaichuna ngozi?

Lakini sikati tamaa, kwa kuwa nawajua watu wa hapa. Ni hawa hawa ambao ajali ikitokea wanakimbia kuokoa kabla hata ya kuuliza majeruhi ni nani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nayaomba mambo ambayo hayahitaji muujiza. Njia ya Kahe, Taveta na Voi ifufuliwe kwa gharama ya nchi mbili, na treni yake ya kwanza iwe ya watu wa magulio. TAZARA, ambayo mpango wa kuifufua pamoja na China ulitiwa saini Beijing 2024, iwekewe treni fupi ya kila siku kati ya Mbeya, Tunduma na Nakonde, kama ilivyowahi kuwabeba wakulima wa Kilombero hadi Makambako kwa treni ya Udzungwa. Reli mpya ya Uvinza kwenda Musongati, inayosemwa sana kwa sababu ya nikeli ya Burundi, ipangiwe stesheni za watu tangu sasa, tusije tukapitisha mawe huku mkulima wa Kigoma akipunga mkono kando ya njia. Na hapa mjini, treni ya Buguruni isiachwe kuwa yatima. Iongezewe mabehewa, ipewe ratiba inayoaminika, tiketi yake ikubalike na kwenye mabasi ya mwendokasi.

Waheshimiwa wabunge wetu wa Afrika Mashariki kule Arusha, mmechaguliwa kwa kazi hii. Mnapokutana msituletee picha za pamoja, tuleteeni tarehe ya treni. Nanyi ndugu zangu wa vijiweni, siku mkikaa tena kutambiana, badilisheni maneno. Mwulizeni Mkenya: lini utakuja kwangu kwa treni, nami lini nitakuja kwako? Akikosa jibu, na wewe ukikosa, basi nyote wawili hamna reli ya kujivunia.