MCHANGO WA NAULI UENDE PAMOJA NA MBOGA

Zamani wagonjwa wa moyo wa nchi yetu walipelekwa ng'ambo, kama India, kupasuliwa. Mwaka 2008 upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Siku hizi mtu wa Igogo akipewa tarehe ya kupasuliwa moyo, ndugu hukaa kikao. Huchanga nauli na fedha za matibabu. Hilo ni jambo jema. Lakini kuna mchango unaosahauliwa. Mchango huo ni chakula.

Kwa nini chakula? Katika upasuaji mkubwa, mara nyingi moyo husimamishwa kwa muda. Mashine husukuma damu badala ya moyo. Mashine hiyo huokoa maisha. Lakini wakati huo mwili hutoa sumu ndogondogo. Jembe likiachwa nje kwenye mvua hushikwa na kutu. Sumu hizo huharibu mwili kama kutu inavyokula jembe.

Mwili una walinzi wa kuzuia kutu hiyo. Baadhi yao ni vitamini C na vitamini E. Wataalamu wamepima damu ya wagonjwa waliopasuliwa moyo. Wameona kwamba vitamini C hupungua sana baada ya upasuaji. Aliyeingia na kidogo hubaki na kidogo zaidi. Tena, vitamini C haikai mwilini muda mrefu. Kwa hiyo chungwa moja la siku ya safari halitoshi. Mgonjwa ale vizuri kila siku wakati anasubiri.

Vyakula hivyo tunavyo. Mapera, mapapai na machungwa yana vitamini C. Karanga na mbegu za alizeti zina vitamini E. Mchicha, matembele na viazi vitamu vya rangi ya chungwa huupa mwili vitamini A. Nsansa na michembe ni chakula chetu, lakini jua kali hupunguza vitamini. Tusimpe mgonjwa hivyo peke yake. Mboga zisichemshwe mno, na maji yake yasimwagwe.

Tunaokwenda kumwona mgonjwa, tuache kubeba soda na biskuti. Tubebe papai.

Wengine watasema, "Basi tununue vidonge vya vitamini." Hapana. Uchunguzi mwingine umeonyesha vidonge vikisaidia, mwingine haukuona faida. Vitamini E nyingi inaweza kuzidisha kutoka damu. Usimeze kidonge bila daktari kujua. Wala chakula hakichukui nafasi ya dawa au upasuaji.

Jambo jingine ni muhimu sana. Mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiongeze wala asipunguze mboga za majani ghafla. Mboga hizo zinaweza kubadilisha nguvu ya dawa. Ale kiasi kilekile siku zote, na amweleze daktari.

Nasi tunawaomba waganga na wauguzi: mnapompa mgonjwa tarehe, mwulizeni pia anakula nini nyumbani.

Ndugu wasomaji, katika kikao cha mchango, mmoja aandike majina ya waliotoa fedha. Mwingine aandike nani ataleta mchicha Jumatatu, na nani ataleta mapera Jumanne.

Upasuaji ni kazi ya daktari. Kumwandaa mgonjwa ni kazi yetu sote.