Krismasi ya wasiomudu mwana-kondoo

Kila mwaka ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, huku kwetu Ngoliba swali ni moja tu baada ya salamu: "Mmenunua?" Hapana haja ya kutaja kitu chenyewe. Ni mbuzi. Asiyekuwa naye hujibu akiinamisha macho, kana kwamba anaungama kosa.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kikristo, wala sina ugomvi na mbuzi. Nyama choma naila kama wenzangu. Kinachonikera ni kwamba sikukuu hii tumeigeuza mizani ya kupimia mifuko. Mzazi anayeishi kwa kibarua, na ambaye shamba lake katika nchi hii kavu ya mashariki ya Thika hungojea mvua ya vuli isiyoaminika, hukopa ili asichekwe na majirani. Januari shule zifunguliwapo, mwanawe hurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nimeyatazama madawati hayo matupu miaka mingi, nami najua fedha zilikokwenda.

Wanafunzi wangu wanaijua barabara sura ya pili ya Injili ya Luka. Waulize Yesu alilazwa wapi, watajibu kwa sauti moja: horini. Aghalabu hukomea hapo, kwa maana mtihani nao hukomea hapo. Wachache huitua akili yao katika aya ya 24, Mariamu na Yusufu wanapompeleka mtoto hekaluni Yerusalemu. Sheria, kama ilivyo katika Mambo ya Walawi sura ya 12, ilimtaka mama aliyejifungua atoe mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja. Aliyekosa uwezo aliruhusiwa kuleta ndege wawili. Luka anataja ndege tu.

Mwaka mmoja nilipoieleza aya hiyo, mvulana wa dawati la nyuma aliuliza, "Mwalimu, kumbe hata wao hawakuwa na mbuzi?" Darasa zima liliangua kicheko. Yeye hakucheka.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitaka watu waione dhiki hiyo kwa macho yao. Mnamo 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, alitayarisha hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, ibada ikafanyiwa hapo. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo, mazizi tunayo.

Walimu wenzangu, kabla ya kufunga shule tuwape wanafunzi sura hiyo wakaisome nyumbani, bila maswali wala alama. Nanyi wanafunzi, msomeeni nyanya yenu asubuhi ya Krismasi, kabla moto haujawashwa, kisha mwende kanisani na mkae hadi ibada iishe. (Wapo wanaotoroka wakati wa mahubiri kwenda kugeuza nyama. Nawajua.)

Desemba hii nikiulizwa iwapo nimenunua, nitajibu kwamba karo ya Januari iko tayari, na kuku mmoja yumo bandani.