Kuua Bakteria Sahanini si Kuponya Mgonjwa

Mara kwa mara hutolewa taarifa za kitaalamu zisemazo kwamba majani, magome au mizizi ya mmea fulani huua bakteria na kuzuia uoksidishaji. Nyingi za taarifa hizo ni za kweli. Lakini zikifika sokoni hubadilika: mmea uliozuia bakteria katika maabara huuzwa kuwa tiba ya homa ya matumbo, kichomi na maradhi mengine chungu nzima. Maoni yangu ni kwamba shule za sekondari zinaweza kuzuia upotofu huo, kwa kuwafundisha vijana tofauti iliyopo baina ya kuua bakteria sahanini na kuponya mgonjwa.

Tuanze na jaribio lenyewe. Mtafiti huloweka unga wa majani makavu katika maji au spiriti, huchuja, kisha hukausha maji hayo. Kinachobaki huitwa kiziduo. Kiasi kilichopimwa cha kiziduo hutiwa katika kikaratasi cha mviringo, nacho huwekwa juu ya agari iliyopandwa bakteria. Baada ya saa 24 hivi, katika joto la sentigredi 37, huenda likaonekana duara safi lisiloota bakteria. Duara hilo ni ushahidi halisi. Hata hivyo, dawa ya kusafishia choo nayo huua bakteria, wala hakuna anayeinywa ili apone kichomi.

Kwa hiyo hapana budi kuuliza: ni kiasi gani? Penisilini huwazuia streptokoki wa koo kwa kiasi kisichofika mikrogramu 1 katika mililita 1. Tuchukue mfano wa kiziduo kinachohitaji miligramu 5 katika mililita 1. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, yaani mililita 5,000. Ili damu yote ifikie kiwango hicho, zahitajika gramu 25 za kiziduo ziingie humo kwa wakati mmoja. Ikiwa gramu 10 za majani makavu hutoa gramu 1 ya kiziduo, mgonjwa atahitaji gramu 250 za majani, nalo tumbo lisipoteze hata chembe. Mmea huo huo huenda ukafaa kuoshea kidonda, ambapo kiziduo hukutana na bakteria moja kwa moja. Lakini hilo nalo ni jambo la kujaribiwa peke yake.

Hali kadhalika kuhusu vizuia-uoksidishaji. Katika maabara, kiziduo chenye nguvu hiyo hugeuza kemikali ya zambarau iitwayo DPPH kuwa ya manjano. Mwili wa binadamu, lakini, si chupa ya maabara. Nchini Finland, kuanzia mwaka 1985 hadi 1993, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara walishiriki katika jaribio kubwa. Baadhi yao walipewa kila siku miligramu 20 za beta-karotini, ambayo ni kizuia-uoksidishaji. Ilitarajiwa kwamba saratani ya mapafu itapungua miongoni mwao. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba iliongezeka kwa asilimia 18.

Nisieleweke kwamba nadharau dawa za asili. Kitunguu saumu kizima karibu hakina alisini, kile kitu chake kinachoua bakteria. Alisini hufanyika pale punje zinapopondwa na kimeng'enya kikakutana na alini. Waliokiponda tangu zamani walikuwa na sababu njema. Tena, ugonjwa wa malaria umepata dawa kubwa kutokana na mmea wa Kichina, pakanga tamu. Mwanasayansi Tu Youyou, baada ya kusoma kitabu cha kale, aliacha kutumia joto kali akazidua majani yake kwa etha, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mmea huo ulijaribiwa kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu, ndipo ukaitwa dawa. Hapa kwetu pia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974. Heshima ya kweli kwa ujuzi wa wazee ni kuupima mpaka mwisho wa njia, si kuusifu ukiwa katika hatua ya kwanza.

Yafaa basi mwalimu wa kemia au biolojia awape wanafunzi maswali matatu ya kuuliza kila wasomapo habari za mmea: Kiasi gani kilitumika? Kililinganishwa na nini? Je, kimejaribiwa kwa wagonjwa? Si maswali ya mtihani tu. Kichomi huweza kumuua mtoto mchanga katika siku chache, na siku mbili za kungoja majani ambayo hayajathibitishwa huenda ndizo zilizokuwa za kumfikisha zahanati. Mwanafunzi ajuaye kuuliza maswali hayo nyumbani kwao aweza kuziokoa siku hizo mbili.