MSHAHARA SI SADAKA

Ndugu Wafanyakazi,

Liko neno moja ambalo tajiri asiyelipa hulipenda sana: "Subirini." Mwezi wa kwanza husema mteja hajaleta fedha. Mwezi wa pili husema benki imechelewa. Mwezi wa tatu hasemi neno, hupita langoni na motokaa yake vioo vimefungwa. Nasi twaambiana subira huvuta heri. Heri ya nani? Mwenye nyumba hasubiri kodi, mwenye duka amekataa kuandika deni, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Tuseme kweli. Mfanyakazi asiyelipwa anamkopesha tajiri wake. Benki hukopesha kwa riba na rehani. Sisi twakopesha bure, tena twaomba radhi tunapodai!

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haisemi "subirini." Inasema kibarua wa siku alipwe siku ikiisha, na wa mwezi alipwe mwezi ukiisha. Hata aliyefukuzwa kwa kosa ni lazima alipwe fedha zote alizofanyia kazi mpaka siku ile. Tajiri asiyelipa mshahara anavunja sheria: aweza kutozwa faini isiyozidi Shs. 100,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miaka miwili, au yote mawili, na deni lenyewe alilipe.

Basi tufanye nini? Kwanza, andika. Weka daftari ya siku ulizofanya kazi, hifadhi karatasi za mshahara na ujumbe wa malipo ulio katika simu, wala usitie sahihi kwa fedha ambazo hujazipokea. Hukupewa mapatano ya maandishi? Usife moyo. Kazi ya kuyaandika ni ya tajiri, na asipoyaleta kortini, mzigo wa kuonyesha ukweli ni wake.

Pili, leta jambo hili kwa Chama, kidaiwe kwa barua. Tatu, nenda kwa Afisa wa Leba. Yeye ana uwezo wa kuingia kazini na kutaka vitabu vya mishahara. Nne, iko Korti ya Ajira, ambayo mwanzo wake ni Korti ya Viwanda ya mwaka 1964. Na tangu mwaka 2018 mahakimu walipewa kusikiliza kesi za wenye mshahara usiozidi Shs. 80,000 kwa mwezi, ili mnyonge asilazimike kwenda mbali.

Ama kugoma, ni haki yetu katika Katiba ya 2010, lakini tusitupe vyombo kwa hasira ya asubuhi moja. Mgogoro upelekwe kwanza kusuluhishwa, na usipopatanishwa, notisi ya maandishi ya siku saba itolewe. Tajiri mjanja hungoja tukosee hapo, ili yeye mwenye deni ageuke mwenye kushtaki.

Wengine watanong'ona: "Nikishtaki nitafukuzwa." Sheria inasema kumshtaki tajiri kwa jambo lenye msingi si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Lakini twajua wako matajiri wasioogopa sheria mpaka waione mlangoni. Ndiyo maana mmoja asiende peke yake. Ni rahisi kumfukuza mmoja. Arobaini ni shida.

Tena subira ina mwisho. Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu, na kwa kosa linaloendelea ni miezi 12 tu tangu lilipokoma. Ukikawia zaidi, deni lako umempa tajiri zawadi.

Na sisi viongozi tusijitoe. Katibu anayekalia barua ya mwanachama asiyelipwa, huyo amejiunga na tajiri, hata kama anavaa beji yetu. Muulizeni katika mkutano, mbele ya wote.

Aombaye sadaka hungoja apewe. Sisi hatuombi. Tumekwisha fanya kazi, na tunadai chetu.

UMOJA NI NGUVU.