Kamera ya simu si spektrofotomita

Waandishi wenzangu wa programu, tuache kudanganya watu. Programu ya simu eti inapima klorini ya kisima kwa picha ya maji yaliyogeuka waridi! Mtu ataiamini namba hiyo, kisha anywe.

Chukua pamanganeti, ile ya zambarau. Spektrofotomita huipitishia mwanga wa nanomita 525. Ikipita asilimia 10, ufyonzaji ni 1. Izimue kwa maji hadi nusu: ufyonzaji 0.5, na mwanga unaopita ni karibu asilimia 32, si 20. Ni logi, jamani.

Kamera je? Namba za JPEG zimeshapindwa ili picha ipendeze, na simu imejirekebishia mwangaza bila kukuuliza. Ukizipigia logi, umepima nini?

Someni data ghafi, fungeni mwangaza, pigeni kwanza picha ya maji matupu. Hamtaki? Basi futeni neno "kipimo" kwenye tangazo.