Wanafunga Mzigo wa Kuja Wapi?

Ndugu zangu wa kijiweni, waandishi wenzangu ambao hatujatoa hata kitabu kimoja, leo sileti hadithi. Leo nina ugomvi. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana huko mwishoni nitawagombeza na nyinyi, na mimi mwenyewe nimo.

Mimi ni kijana wa Morogoro. Kidato cha nne nilimaliza, cha tano sikuchaguliwa. Usiku naandika riwaya yangu kwenye madaftari, mchana nabeba mizigo. Vikija vikundi vya wageni kutoka Ulaya au Marekani kupanda milima ya Uluguru, kuna jamaa hunitafuta. Natia begi mgongoni, napanda mpaka Morningside, mara nyingine mpaka Bondwa kule kwenye minara. Kwa hiyo habari za mizigo ya wageni mimi sikusimuliwa. Nimeibeba.

Siku moja mgeni alidondosha karatasi, nikaiokota. Kiingereza changu cha shule kilinitosha kuisoma. Ilikuwa orodha ya vitu vya kuchukua kwa safari ya Afrika. Si Tanzania, si Morogoro. Afrika! Chandarua, vidonge vya malaria, vidonge vya kusafishia maji, tochi, karatasi za chooni, nguo nyepesi za rangi ya udongo, viatu vya zamani vya kuwaachia wenyeji, kalamu na peremende za watoto.

Sikatai yote. Malaria ipo, na maji ya kunywa hata mama yangu anayachemsha. Anayemwambia mgeni asije na mifuko ya plastiki naye anamsaidia, kwa sababu nchi yetu iliipiga marufuku Juni 2019. Lakini sweta je? Orodha nzima haikuwa na sweta! Bondwa inapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukungu uliposhuka, watu wazima walitetemeka kama vifaranga vilivyonyeshewa. Nikavua koti langu nikampa dada mmoja. Koti lenyewe la mtumba, lilitoka huko huko kwao.

Sweta halikuwamo kwa sababu aliyeandika ile orodha hakuwa na habari na Uluguru. Alikuwa anafunga mzigo wa kwenda mahali palipo kichwani mwake, penye jua tu, wadudu na watoto wanaonyoosha mikono.

Mtaniambia ujinga huo ni wa zamani, tangu enzi za wapelelezi. Hapana, bwana. Hata wale walikuwa na afadhali. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa Unguja akijiandaa kumtafuta Livingstone. Vitabu vya wazungu waliomtangulia havikumwambia abebe nini na kiasi gani. Akafanya jambo la maana: akawauliza wafanyabiashara wa Unguja waliozijua njia za bara. Wakamwambia merikani na kaniki za aina gani, ushanga wa rangi gani, nyaya za shaba kiasi gani, maana ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Akaondoka Bagamoyo kwa misafara mitano, wapagazi wakibeba vichwani na mabegani. Farasi zake wawili walikufa hata kabla hajaiona milima yetu. Alipofika hapa akaukuta mji wa Kisabengo umezungushiwa ukuta wenye minara, na mtawala wake wakati huo alikuwa mwanamke, binti wa Kisabengo.

Simsifu Stanley, mabaya yake yanajulikana. Nasema tu kwamba yeye aliuliza. Leo treni ya umeme inakutoa Dar es Salaam mpaka Morogoro kwa muda wa kama saa mbili, simu imo mfukoni, na bado mtu anafunga begi lake bila kumuuliza hata mtu mmoja anayeishi huku.

Kuna watakaosema, "Wewe kijana, mgeni njoo mwenyeji apone." Sawa. Na mimi napona kwa mabegi hayo hayo. Lakini methali haikusema mwenyeji apone kwa viatu vya zamani. Mtoto wa Choma anayelilia kalamu hakuzaliwa na kilio hicho. Amefundishwa na waliomtangulia kumgawia. Najua, maana nilipokuwa na miaka tisa nami niliipata moja, nikajifunza kukimbilia magari.

Sasa nageukia kwetu.

Tulipokuwa tunateremka, mgeni mmoja aliniuliza ninafanya kazi gani nyingine. Nikasema naandika riwaya. Akafurahi kweli. Akauliza kwa lugha gani. Nikasema Kiswahili. Akauliza, kwa upole kabisa, "Nani ataisoma?" Nikakosa jibu, nikabeba begi lake mpaka chini nimenuna.

Nilipofika nyumbani nikafungua madaftari yangu. Sura ya kwanza: ngoma inalia usiku, simba ananguruma, bibi kizee mchawi amekaa peke yake mlangoni mwa kibanda. Nikamsomea mama mdogo, aliyekuwa ameshuka kutoka Mgeta na magunia yake ya kabichi na karoti. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, huyo bibi anaishi wapi? Mbona hapiki, halimi, wala hana hata ndugu mmoja?"

Jamani! Simba Mgeta? Nilikuwa nimefunga mzigo kwa ile ile orodha ya mgeni!

Na nyinyi wenzangu, mnajificha wapi? Nimezisoma hadithi zenu. Kila kijiji ni giza na uchawi, kila anayetoka mjini ni mwerevu, kila babu anatoa methali kama bomba lililopasuka. Nani kati yetu ameandika kwamba huku Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama? Nani ameandika habari za mwaka 1955, wakulima wa milima hii walipokataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, mpaka mtu akauawa? Nani ameandika kwamba Mto Ruvu unaanzia huku, na Dar es Salaam nzima inaunywa bila kutuuliza hali? Hayo hatuyabebi. Tunabeba simba, kwa sababu tunamwandikia yule aliyeniuliza nani ataisoma.

Jibu ninalo sasa, ingawa yeye ameshaondoka. Ataisoma mama mdogo. Kama hajui kusoma haraka, nitamsomea. Na akiniuliza tena mbona huyu mtu hapiki, nitairudia sura.

Ile sura ya kwanza nimeichana. Kurasa kumi na nne, usiku tatu za mafuta ya taa. Iliniuma, sikufichi. Wewe nawe fungua begi lako leo, utoe simba, utoe ngoma, kisha panda gari uende kwa watu unaotaka kuwaandika, uwaulize kama Stanley alivyouliza Unguja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tumekuwa wageni katika nchi yetu wenyewe, na siku ya tatu imeshapita zamani.