Imaji ya kontena haibebi msimbo wako tu: tuangalie leseni kabla ya kuituma hadharani

Mwezi Februari 2024, Mahakama ya Rufaa ya Paris iliamuru kampuni ya Orange ilipe zaidi ya euro 650,000 kwa Entr'Ouvert, kampuni ndogo ya Kifaransa inayotengeneza programu huria. Orange ilikuwa imechukua Lasso, programu ya Entr'Ouvert inayotolewa bure chini ya leseni ya GPL toleo la 2, ikaiingiza katika mfumo iliouuza kwa serikali ya Ufaransa bila kutimiza masharti ya leseni hiyo. Zabuni yenyewe ilikuwa ya mwaka 2005, na kesi ilivuta zaidi ya miaka 10.

Hiyo ni Orange ya Ufaransa, si tawi lake ambako sisi tunanunua mega. Lakini vijana wetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaotengeneza programu wangefaa kuisoma hukumu hiyo kwa makini, kwa sababu kosa la namna ile leo ni rahisi kulifanya kuliko mwaka 2005. Siku hizi linafanyika kwa amri moja tu ya Docker.

Kwa msomaji asiyejua kazi hii: imaji ya kontena ni kifurushi kinachobeba programu pamoja na kila kitu inachohitaji ili iendeshwe kwenye serveri yoyote. Docker ilipotokea mwaka 2013, iliondoa kilio cha kila siku cha mafundi, kwamba programu inakwenda vizuri kwenye ordinatere yangu ila kwa mteja haikubali. Kijana anaandika msimbo wake, anaufunga juu ya Debian au Alpine, anautuma kwenye ghala la wazi kama Docker Hub, na kwenye ukurasa wa mradi anaandika leseni moja: MIT. Kazi imekwisha, anaomba malipo.

Leseni ile ya MIT inasema ukweli juu ya msimbo aliouandika yeye. Juu ya imaji nzima haisemi kitu. Ndani ya imaji ya Debian kuna bash na zana nyingine ndogo za GPL toleo la 3, kuna glibc ya LGPL, na kuna makumi ya vifurushi vingine, kila kimoja na mwenyewe na masharti yake. Anayeituma imaji hadharani anavisambaza vyote, na masharti ya vyote yanamhusu yeye.

Tuchukue mfano ambao wafanyakazi wa afya nchini wanaujua. Takwimu za vituo vya afya zinaingizwa katika DHIS2, mfumo uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambao leseni yake ni BSD, leseni isiyodai mambo mengi. Mtu akitaka kuifunga DHIS2 ndani ya imaji, lazima aweke Java, na OpenJDK iko chini ya GPL toleo la 2. Ataweka Tomcat, iliyo chini ya Apache 2.0. Chini yao vyote ataweka Linux. Je, leseni hizo zinapatana?

Hapa ndipo wengi wanachanganya mambo mawili. Swali la kwanza ni kama vipande viwili vinaweza kuunganishwa kuwa programu moja. Apache 2.0 na GPL toleo la 2 peke yake haziwezi, kwa sababu Apache ina kifungu juu ya hataza ambacho GPL ya mwaka 1991 inakihesabu kama sharti la nyongeza, na GPL haikubali nyongeza. GPL toleo la 3 ya mwaka 2007 ilitatua jambo hilo, ndiyo maana maneno madogo "au toleo lolote la baadaye" yana thamani kubwa: yakiwepo, unachagua toleo la 3 na unaendelea. Java nayo isikutie hofu. OpenJDK inakuja na ruhusa maalum inayoacha programu yako iiegemee bila kugeuka GPL.

Swali la pili ni lile linalosahauliwa. Programu zinazokaa jirani ndani ya imaji moja bila kuunganishwa, GPL yenyewe inaziruhusu. Alpine ina BusyBox, ya GPL toleo la 2 peke yake. Programu yako ya Apache ikikaa kando yake hakuna ugomvi. Lakini kukosa ugomvi hakufuti deni. Ukisambaza BusyBox, anayeipokea ana haki ya kupata msimbo chanzo wa toleo lile lile ulilompa. Uutoe pamoja na imaji, au utoe ahadi ya maandishi ya miaka 3. Nimeuliza mafundi kadhaa wa huku kwetu kama wanaweka ahadi hiyo. Wengi walinijibu kwa swali: ahadi gani?

Nchi yetu inaongeza shida yake hapo. Intaneti ni ghali, na imaji ya mega 900 inamaliza forfe ya mtu. Basi fundi anaipunguza: anafuta folda ya nyaraka, /usr/share/doc, nzima nzima. Ndani yake, katika Debian, ndimo kila kifurushi kinaweka faili ya copyright yenye leseni yake. Kwa hiyo, ili aokoe mega chache, ametupa karatasi zinazompa ruhusa ya kusambaza. Debian wenyewe, katika imaji yao ndogo ya slim, wanafuta nyaraka zote ila faili hizo za copyright wanaziacha. Walijua wanachofanya. Tuwaige.

Tena kwetu imaji nyingi hazipiti hata kwenye intaneti. Zinahifadhiwa kwenye flashi, flashi inapanda boti Goma na kushuka Bukavu, inaingizwa katika serveri ya mteja. Huo nao ni usambazaji. Leseni haiangalii kama ulitumia kebo au mfuko wa koti.

Kuna mtego mwingine ambao naona hauzungumzwi vya kutosha. Imaji ni tabaka juu ya tabaka, na kitu ulichokiweka katika tabaka la kwanza hakitoki ukikifuta katika la tatu. Kinafichika tu, anayeshusha imaji anakipokea. Ofisi zetu zinapenda ripoti ziandikwe kwa Times New Roman, basi fundi anaweka fonti za Microsoft ili PDF itoke kama mkuu anavyotaka. Kifurushi cha Debian kinachoziweka hakina fonti hizo ndani yake, kinazishusha kutoka nje wakati wa kusakinisha, kwa sababu leseni yake inabana namna ya kuzisambaza. Ukijenga imaji nazo kisha ukaituma, wewe ndiye umezisambaza, hata kama mstari unaofuata unazifuta. Liberation Serif ina vipimo vile vile na leseni ya wazi. Mkuu hataona tofauti, na akiiona mwambie ukweli.

Leseni pia zinahama. Redis ilikuwa BSD kwa miaka mingi. Mwezi Machi 2024 iliachana nayo kuanzia toleo la 7.4, na baadhi ya watengenezaji wakajitenga wakaanzisha Valkey ili kubaki na BSD. Mwaka 2025 Redis 8 ikaongeza AGPL kama chaguo. Fundi aliyeandika "redis:latest" katika faili yake amepita leseni hizo zote bila kubadilisha herufi moja. Andika namba ya toleo.

Najua jibu ninalopewa: nani atakuja kutushtaki Bukavu? Pengine hakuna. Ila sheria ipo. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu Aprili 1986, na tangu 1997 ni mwanachama wa Shirika la Biashara la Dunia, ambalo mkataba wake unalinda programu za ordinatere kama maandishi ya fasihi. Tena si mahakama ninayoiogopa zaidi. Naogopa siku ambayo mfadhili atapitisha imaji ya vijana wetu katika chombo cha kukagua, aone leseni 60 zisizotajwa, ampe kazi mwingine wa Nairobi au Kigali. Na chini ya GPL toleo la 2, anayevunja masharti haki yake inakatika papo hapo; toleo la 3 linampa mkosaji wa mara ya kwanza siku 30 za kurekebisha tangu aonywe.

Sisi ndio tunaolalamika kila siku kwamba nyimbo za wanamuziki wetu zinapigwa kila mahali na watunzi hawaoni hata franka. Aliyeandika BusyBox hadai franka. Anadai jina lake liachwe mahali pake na msimbo upatikane.

Kazi yenyewe si ya wiki nzima. Syft ni chombo cha bure, kinafungua imaji na kuandika orodha ya vifurushi vyote na leseni zake katika muundo wa SPDX, ambao tangu 2021 ni kanuni ya kimataifa ya ISO. Kinakosea mara nyingine, hasa pale faili za copyright zilipofutwa, kwa hiyo mtu bado lazima asome. Siku ya kutoa toleo, pakua pia vifurushi vya msimbo chanzo vya matoleo yale yale na uviweke kwenye diski ya nje. Diski hiyo ndiyo itakayolipa ile ahadi ya miaka 3 mtu akibisha mlango.

Lawama yangu kubwa lakini haiendi kwa vijana. Inakwenda kwa ONG na ofisi za serikali zinazoandika katika zabuni "programu iwe huria" na kuishia hapo, bila kuuliza huria kwa masharti ya nani. Wangeweza kuongeza mstari mmoja: malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kupokea imaji, orodha yake ya SPDX, na mahali msimbo chanzo wa kila kifurushi cha GPL unapopatikana.